Nilivyokwenda Tunduru Kutafuta Mawe Mabovu

Tangu nirudi wiki iliyopita nimeulizwa swali moja mara nyingi mno. Nimeulizwa nje ya kanisa baada ya misa ya pili, nimeulizwa sokoni mkono ukiwa juu ya fungu la nyanya, na jana hapa Mfaranyaki fundi cherehani aliniuliza nikiwa nimenyoosha mikono napimwa gauni: "Editha, ni kweli ulifungwa Tunduru kwa ajili ya mawe?" Kila mtu nimemjibu kipande, na vipande vimekutana mitaani vikazaa hadithi ambayo hata mimi siitambui. Juzi nimesikia kwamba nilikamatwa na almasi ndani ya mkate. Basi naandika yote mara moja, nanyi mliosoma nami mpeane.

Kwanza mjue nilikuwa natafuta nini. Mnajua nasoma uhandisi huko Ulaya, na sasa naingia mwaka wa kuchagua tawi. Baba alitaka nichague umeme wa nguvu, yaani mitambo na nyaya kubwa, na kila anayeishi Songea akisubiri jenereta iwake anaielewa hoja yake. Mimi moyo wangu uko kwenye tawi jingine: elektroniki ndogo kupindukia, pamoja na fuwele ambazo hiyo elektroniki hujengwa kwazo. Fuwele ni jiwe ambalo chembe zake zimejipanga kwa safu kama mahindi kwenye gunzi. Ukipenyeza chembe moja ngeni katikati ya maelfu ya chembe za kawaida, jiwe zima hubadili tabia. Linaweza kupitisha umeme lililokuwa haliupitishi, au likapata rangi lililokuwa halina. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi tangu mwaka wa pili.

Mwalimu wa tawi hilo ni mama mkavu wa maneno, na maabara yake ina viti vichache. Kila anayeomba kiti lazima alete swali lake mwenyewe. Mimi niliandika kuhusu yakuti ya samawati, lile jiwe ambalo wachimbaji wetu wanaliita safaya, kwa sababu vibamba vyake hutandikwa chini ya saketi ndogo, na kwa sababu linatoka kwetu. Alisoma, akaniambia: "Mawe safi yako madukani. Niletee mabovu. Nataka ya ardhi moja, kuanzia lisilo na rangi hadi lenye rangi nzito, tuone ndani yake kumetokea nini. Ukiyapata, kiti ni chako."

Habari za tikiti na vibali nitaziruka. Zinachosha kuandika kama zilivyochosha kuzifuatilia.

Mfaranyaki hadi Namtumbo

Baba alikataa katakata nisiende machimboni peke yangu, naye mgongo wake hauwezi tena lori. Akamwita dada yake, Shangazi Skola, kutoka Maposeni. Mahindi yake yalikuwa yamekwisha kuvunwa, na alikuja siku hiyo hiyo na kikapu kama mtu anayehamia: kuku wa kuchoma, mihogo, chumvi, sufuria, na dumu la togwa alilolifunga kifuniko kwa kipande cha mfuko wa nailoni.

"Shangazi, Tunduru kuna maji," nikamwambia.

"Yatakuwa ya kwao. Hii ni ya kwetu."

Lori lilisemekana litaondoka alfajiri. Tuliondoka saa nne, limejaa sabuni na marobota ya mitumba, maana tangu biashara zifunguliwe na mawe yaanze kuonekana Tunduru, kila mwenye kitu cha kuuza anakipeleka huko. Abiria tulikaa juu ya marobota. Kabla ya Namtumbo barabara ilianza kututikisa, jua likapanda, na dumu la shangazi likaanza kuvimba mbavu. Nililiona nikadhani ni macho yangu. Kwenye shimo moja kubwa kifuniko kiliruka kama risasi, na togwa ikammwagikia mwanamume mmoja aliyekuwa amekumbatia sanduku la mbao.

Mtu yule alijifuta uso polepole, akanusa mkono wake. "Mama, mimi ni Mwislamu. Hii ni pombe?"

"Togwa, mdogo wangu. Hata watoto wachanga wanakunywa."

"Kwa jinsi ilivyoruka, imekwisha kuwa mtu mzima."

Lori zima likacheka, naye akacheka. Alikuwa Fundi Athumani, mtengeneza redio wa Tunduru mjini, akirudi na vipuri alivyovinunua Songea. Shangazi alimpa paja la kuku kwa kumwomba radhi. Alilipokea, akauliza amechinja nani. Shangazi akamwambia kwa unyofu kwamba amechinja yeye mwenyewe, nyuma ya jiko lake. Fundi akalirudisha kwa adabu sana, akaomba mihogo. Shangazi alinung'unika hadi Namtumbo kwamba paja limedharauliwa, mpaka nilipomweleza. Hapo akamwongezea mihogo miwili.

Kilimasera

Kilimasera tulifika jioni, na hapo springi ya nyuma ikakatika. Dereva alisema fundi anakuja na gari la kesho. Gari la kesho lilikuja bila fundi. Tulikaa hapo siku moja na nusu, tukipika ugali kwa sufuria ya shangazi na likolo, yaani mboga za majani, alilolichuma mwenyewe pembeni mwa mashamba ya watu baada ya kuwaomba wenyewe. Akina mama wa pale walianza kwa kumcheka, wakaishia kumfundisha majani yao.

Siku ile ya kukaa, Fundi Athumani alifungua sanduku lake kuona kama togwa imeingia. Ilikuwa imeingia. Akatandaza vipuri vyake juani juu ya kanga ya shangazi, kimoja kimoja, na mimi nikakaa karibu kusaidia. Aliponisikia nikivitaja kwa majina alishtuka.

"Dada, wewe ni fundi?"

"Najifunza. Nataka kusoma vinavyotengenezwa navyo."

Akachukua transista moja iliyoungua, ya kofia ya bati. "Hii sisi tunaiita miguu mitatu. Miaka kumi na miwili nabadilisha miguu mitatu. Ikifa natoa, natia nyingine, redio inaimba. Lakini aliyemo ndani sijawahi kumwona."

"Unataka kumwona?"

Tuliisugua kofia kwa tupa yake mpaka ikakatika, tukaiweka chini ya kioo chake cha kukuzia. Ndani kulikuwa karibu patupu. Katikati, juu ya kitako cha chuma, kulikuwa na kipande kidogo kama chembe ya ulezi, kimeshikwa na nyuzi mbili nyembamba kuliko unywele. Fundi aliangalia muda mrefu sana. Akampisha shangazi, shangazi akampisha dereva, na baada ya hapo Kilimasera nzima ilipanga foleni.

"Ni hicho tu?" Fundi akaniuliza. "Hicho kichembe ndicho kinachopaza sauti ya mtu wa Dar es Salaam mpaka Tunduru?"

"Hicho hicho. Ni jiwe lililosafishwa, kisha likachafuliwa kidogo kwa makusudi."

Nilijaribu kueleza zaidi, na hapo ndipo nilipojitia matatani. Niliwaambia kwamba ndani ya jiwe elektroni hazipandi taratibu kama mtu anayepanda kilima. Zina ngazi. Elektroni iko daraja hili au iko daraja lile, na katikati haionekani kamwe.

Shangazi akaweka kijiko chini. "Inapotoka hili kwenda lile, inapita wapi?"

"Haipiti, shangazi. Ilikuwa hapa, sasa iko pale."

"Basi ni jini."

"Astaghfirullah," akasema Fundi, lakini sikumwona akipinga.

Nilicheka, ila usiku huo nilipolala kwenye jamvi la wenyeji wetu nilijiuliza kama ningeweza kumjibu shangazi vizuri zaidi. Swali lake ndilo lile lile ambalo walimu wangu wanalizunguka kwa hesabu za ubao mzima.

Tunduru mjini

Springi ilifungwa kwa mpira na mnyororo, tukapita Matemanga kwa mwendo wa kutembea, na Tunduru tuliingia tumekuwa wekundu kuanzia nywele hadi kucha. Mji ulikuwa umechangamka kuliko nilivyoukumbuka nilipokuwa mdogo. Kila baraza kulikuwa na mtu na meza ndogo, mizani na tochi. Wanunuzi wa kigeni walikaa kwenye nyumba za wageni milango wazi, na madalali wakiingia na kutoka na vikaratasi vilivyokunjwa. Tulikula kwa mama mmoja wali na kisamvu kilichotiwa korosho badala ya karanga, na shangazi, ambaye hajawahi kusifia chungu cha mtu, aliomba aonyeshwe jiko.

Fundi Athumani ndiye aliyetupeleka kwa dalali anayeitwa Chande. Alitutambulisha kwa moyo safi kabisa, na utambulisho huo ndio ulioleta mengine yote.

"Huyu dada ametoka Ulaya," akamwambia. "Anajua kuona ndani ya jiwe. Nimemshuhudia kwa macho yangu."

Chande akanikunjulia karatasi zake. Yalikuwa mawe mazuri, ya bluu na ya waridi, safi kama maji ya kisima. Nikayasifu, nikamwambia nashukuru lakini nataka yasiyo na thamani: meupe, yenye ukungu, yenye nyufa, yenye bluu upande mmoja tu.

Alidhani Kiswahili changu kimeharibikia ng'ambo. "Unataka mabovu?"

"Mabovu."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kusomea."

Alicheka peke yake, kisha hakucheka tena. Akakunja karatasi zake moja moja huku akiniangalia. Alisema mabovu hayaletwi mjini, yanatupwa huko huko mtoni Muhuwesi. Asubuhi yake tulipotoka nje ya nyumba ya wageni tulikuta watu saba wamekaa barazani wananisubiri, kila mmoja na kopo au fundo la kitambaa. Mawe ambayo juzi yalikuwa yakirushiwa kuku sasa yalikuwa yamefungwa kwenye karatasi za fedha za sigara. Habari ilikuwa imeenea mji mzima kwamba kuna msichana mwenye macho yanayoona ndani ya mawe, na kwamba anakataa mazuri. Mawe yao yalitoka mito tofauti, na wengine hawakujua yalitoka wapi, kwa hiyo hayakunifaa. Kila nilipokataa, waliamini zaidi kwamba naona kitu.

Muhuwesi

Tulipata nafasi kwenye gari lililopeleka unga machimboni, na saa sita tulishuka kwenye kijiji kimoja kando ya Muhuwesi. Mto ulikuwa umepungua. Watu walikuwa wamechimba mashimo kwenye kingo mpaka kwenye kokoto za zamani, wakizipandisha kwa ndoo na kuzichekecha majini. Niliona mikono tu ikizunguka na machekeche, mamia ya mikono, na hakuna aliyeinua uso.

Pembeni, maji yanakoelekea, chini ya wanaume wote, mama mmoja alikuwa akichekecha upya kokoto walizokwisha kuzitupa. Alikuwa Bi Somoe. Wenzake walimwita hivyo nasi tukamwita hivyo. Tulisalimiana, akatukaribisha kwenye jamvi lake, na niliposema nataka mabovu hakucheka wala hakushangaa. Aliingia kibandani akatoka na kopo la maziwa ya unga.

"Mimi huyaweka," akasema. "Wananiona mwendawazimu."

Akamimina kwenye ungo, akaanza kuyapanga kwa vidole, haraka haraka, kama mtu aliyekwisha kufanya hivyo mara nyingi. Meupe kabisa. Meupe yenye ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji. Yenye tone la bluu. Yenye nusu bluu. Ya bluu nzito iliyokaribia weusi. Yote yametoka shimo moja, bonde moja. Nilikuwa nimesafiri siku nne kutafuta mpangilio ule, na mama huyu alikuwa amekwisha kuupanga bila mtu kumwomba.

"Tazama na hili." Akachukua jeupe moja, akalishika juani. "Ukilitazama hivi, jeupe. Ukiligeuza ubavu, kuna bluu kidogo. Kwa nini?"

Nilimweleza nilichokijua. Nilimwambia kuna chembe za chuma ndani, na chembe za madini mengine yanayoitwa titani. Zikikaa jirani, elektroni huruka kutoka chembe moja kwenda nyingine, na kwa kuruka huko hula mwanga mwekundu na wa manjano. Unaobaki kutufikia sisi ni wa bluu. Aliniuliza maswali manne mfululizo, na mawili nilimjibu.

Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kutuzunguka. Mchimbaji mmoja, mtu mzima mwenye kovu shavuni, akaniuliza kwa sauti wote wasikie: "Dada, kuna wanunuzi wanakuja hapa kubeba haya ya ukungu kwa magunia. Wanatuambia ni ya kutengenezea msasa. Wewe nawe ni wa msasa?"

Nitawaambieni ukweli, kwa sababu hapa ndipo safari yangu ilipogeukia. Nilijua jibu. Kwenye vitabu vyangu imeandikwa kwamba ukungu ule ni ile ile titani iliyojikusanya sindano sindano ndani ya jiwe. Ukilichoma jiwe kwenye tanuru kali sana, sindano zinayeyuka, titani inatawanyika, inakutana na chuma, na jiwe jeupe linaweza kutoka la bluu. Linaweza, si lazima. Kopo la Bi Somoe lilikuwa mbele yangu, naye alikuwa amekwisha kulisogeza upande wangu. Nilihitaji neno moja tu. Ningesema "ndiyo, msasa," ningeondoka na kiti changu cha maabara mkobani.

Shangazi aliniangalia. Hakujua nilichokuwa nakijua, lakini aliona kwamba ninakijua.

"Si msasa," nikasema. "Mengine huchomwa, yakawa bluu."

Nikaeleza yote. Nilisisitiza kwamba si kila jiwe, na kwamba moto wa mkaa hautoshi, ni tanuru ambalo hata mjini halipo. Wachekechaji walikuwa wamesimama. Bi Somoe alirudisha mawe koponi, moja moja, akafunga kifuniko.

"Basi hili silitoi," akasema kwa upole. "Utanisamehe, mwanangu. Ngoja kwanza nijue nina nini."

Nilimwambia ana haki. Nilipogeuka, shangazi alikuwa anatikisa kichwa. "Ungekaa kimya dakika moja tu!" akaninong'oneza. Baada ya hatua kumi akanishika mkono, na hakuuachia mpaka tulipofika kwa wenyeji tuliopangiwa kulala kwao.

Ofisi ya kijiji

Asubuhi iliyofuata Chande alikuja na gari na watu wawili. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akikusanya mawe ya ukungu kwa niaba ya mnunuzi wake. Alikwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji, nikaitwa. Hapa ndipo penye kifungo mnachokisikia, kwa hiyo someni taratibu: umati ulikuwa mkubwa, watu wakapanda madirishani, mbuzi wa mtu akaingia ofisini akaanza kula daftari, na mtendaji akaamuru mlango ufungwe kwa komeo. Komeo lilikuwa ndani. Nililifunga mimi mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Chande alisema kwa hasira kwamba naharibu biashara za watu, kwamba sina leseni ya madini, na kwamba natangaza uongo ili nipate mawe bure.

Mtendaji, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaniuliza: "Umenunua jiwe lolote?"

"Hapana."

"Umepewa?"

"Nilikuwa karibu kupewa. Nikasema nilichosema, nikanyimwa."

Akaandika, akasita, akainua kichwa. "Kwa hiyo unashtakiwa kwa kutafuta mawe bure, na maneno yako ndiyo yaliyokukosesha mawe?"

"Ndiyo."

Shangazi akasimama bila kuitwa. "Mheshimiwa mtendaji, mimi ni mkulima wa Maposeni. Akija mtu akaniambia mahindi yangu ni ya kulisha punda, kisha akayauza mjini kama mbegu, nitamwita nani mwongo? Aliyenifumbua macho au aliyenunua?"

Chande alisema hayo si mahindi. Shangazi akasema ndiyo, mahindi angalau hayafichi rangi. Nje ya dirisha watu wakashangilia, mtendaji akagonga meza kwa kalamu.

Alipoamua, aliamua kama mtu anayetaka kijiji kilale salama. Alisema kueleza kilichoandikwa kitabuni si kosa. Lakini mpaka afisa wa madini aje, asiwepo wa kuniuzia wala kunipa chochote, nami niondoke na gari la kesho saa sita. Sikubisha. Nilikuwa nimechoka, na nilijua kwamba nimekwisha kukosa.

Jioni hiyo Fundi Athumani alifika kwa baiskeli kutoka mjini, ameloa jasho, kuniomba radhi. Alisema ni ulimi wake ulionisifu kupita kiasi. Nilimwambia kwamba hakusema uongo, aliongeza sauti tu kama zinavyofanya transista zake, naye akafurahi mpaka akasahau kwamba alikuja kuhuzunika.

Kurudi

Kesho yake tulikaa barabarani tukisubiri gari la unga. Saa tano Bi Somoe akaja. Alikuwa na masizi mikononi na mashavuni, na macho ya mtu ambaye hakulala. Alifungua ncha ya kanga, akanionyesha vipande vitatu.

"Uliniambia mkaa hautoshi," akasema. "Nikaona nijaribu. Nimelitia jiwe moja kwenye moto wa mhunzi, mivukuto ikapulizwa mpaka mhunzi akachoka. Limepasuka."

Nilihuzunika, nikaanza kusema pole. Akanikatiza. "Hapana, tazama kwanza."

Nikatazama. Jiwe lilikuwa limepasuka wazi katikati, na ndani yake kulikuwa na michirizi iliyopangika kwa pembe sita, mmoja ndani ya mwingine. Mchirizi wa nje ulikuwa mweupe, unaofuata una ukungu, kisha bluu hafifu, na katikati kabisa bluu nzito. Mpangilio wote wa kopo lake ulikuwa ndani ya jiwe moja, lililokua mahali pamoja, chembe juu ya chembe. Kwa nje jiwe lile lingeonekana jeupe tu, na nisingelichagua.

"Lilikuwa jiwe lako zuri?" nikamuuliza.

"Lilikuwa kubwa kuliko yote meupe. Nilitaka kujua."

Shangazi akauliza kuhusu amri ya mtendaji. Bi Somoe alikuwa amekwisha kupita kwake. Mtendaji aliviangalia vile vipande, akasema yeye alizuia mawe, na haya ni makaa ya mhunzi.

"Wapo wanaokulaumu," Bi Somoe akaniambia. "Jana Chande aliondoka bila kumchukulia yule mnunuzi wa msasa hata gunia moja. Wengine walitegemea hilo gunia kupata unga wa wiki. Usije ukadhani wote tunakushukuru."

Nikamwambia nimesikia.

Akaniwekea vipande mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake. "Kwa nini bluu imekaa katikati tu? Huko nje haikufika, au ilifika ikaondoka?"

"Sijui, Bi Somoe."

"Utajua?"

"Nikipata nafasi, nitatafuta."

"Basi uniandikie. Fundi Athumani atanisomea. Salamu usiziweke nyingi. Niandikie sababu."

Gari likaja, tukapanda juu ya magunia matupu. Shangazi aliviomba vipande vile akavishika karibu njia nzima hadi Namtumbo, akivigeuza juani na kuniuliza maswali, na nilipochoka kujibu akavifunga kwenye leso yake akaviweka kifuani. Nyumbani Baba alivipeleka mlangoni penye mwanga, akaviunganisha mpaka ufa usionekane, akavitenganisha tena. Hakusema lolote kuhusu umeme wa nguvu. Aliuliza tu kama yule mama ana watoto, na kama mnunuzi amerudi.

Kama amerudi, bado sijasikia. Nimemwandikia mwalimu wangu kwamba sina mawe aliyoyataka, nina jiwe moja katika vipande vitatu, nikamchorea michirizi yake kwa kalamu ya bluu. Jibu litachukua wiki, na inawezekana atasema halitoshi. Tawi nimelichagua hata hivyo, na fomu imeondoka na barua hiyo hiyo.

Barua ya pili ni ya Bi Somoe. Nimeichana mara nne. Kila nilipoanza na ninayoyajua, yaliisha kabla ya kufika chini ya ukurasa wa kwanza, na nilijikuta nikijaza nafasi kwa maneno makubwa ambayo Fundi asingeweza kuyasoma wala mimi nisingeweza kuyatetea. Mara ya tano nikaandika kwamba sababu bado sina, nikamwandikia maswali matano ninayokwenda kuyatafuta, kwa mpangilio, la kwanza likiwa la kwake. Chini nikaacha nafasi tupu aongeze mengine. Leo asubuhi nimeitia posta.